Je, Wajua? Tumbili, Babu na Begi la Tepu

Je, wajua kwamba tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliizima Kenya? Alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma, na stima ikapotea nchi nzima kwa saa kadhaa. (Tumbili mwenyewe alipona.) Kompyuta ikizimika ghafla inaweza kuvuruga rekodi ilizokuwa ikiandika. Tepu ya sumaku yenye nakala ya rekodi hizo, ikiwa kabatini, haina habari na stima. Haili umeme hata chembe mpaka itiwe kwenye mashine ya kuisoma.

Je, wajua kwamba tepu hazijazeeka? Meinfremu, zile kompyuta kuu zinazobeba hesabu za mabenki makubwa, hadi leo data yake hunakiliwa kwenye tepu. Kasha la tepu aina ya LTO-9, lililotoka 2021, hutosha kiganjani, lakini ndani yake mna zaidi ya kilomita moja ya utepe unaobeba terabaiti 18. Upana wa utepe huo ni nusu inchi, kama ule wa IBM 726 ya mwaka 1952.

Tupige hesabu kidogo. Makasha 10 hutosha kwenye begi la shule, nayo yana terabaiti 180. Ukizituma kwa laini ya megabiti 100 kwa sekunde, ikikimbia usiku na mchana bila kukwama, utangoja zaidi ya miezi mitano. Matatu ya Kitale hadi Bungoma ikibeba begi hilo, hata ikisimama Kiminini kupakia kabeji na Kamukuywa kumsubiri abiria aliyeshuka kununua ndizi, itafika siku hiyohiyo. Hakuna intaneti ya mjini kwetu inayoikaribia. Ila begi husahaulika chini ya kiti, kwa hiyo data isimbwe kabla ya safari. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haimwonei huruma anayeacha siri za wateja stejini.

Je, wajua kwamba nakala zina ukoo? Mwana ni nakala ya kila siku, baba ni ya wiki, babu ni ya mwezi. Mwana hufutwa na kuandikwa upya. Babu ndiye husafiri, akakae mji mwingine. Kwetu kawaida ni kinyume: vijana huenda Nairobi, babu akabaki na ng'ombe.

Na kwa nini asafiri? Tarehe 7 Agosti 1998 shabaha ya bomu la Nairobi ilikuwa ubalozi wa Marekani, lakini jirani yake, Ufundi House, ndilo lililoporomoka, na Jengo la Ushirika likaharibiwa vibaya. Zaidi ya watu 200 waliuawa, wengi wao wapita njia na wafanyakazi wa ofisi zilizozunguka. Janga halikuulizi kama ulikuwa umelengwa. Ofisi ya Kitale inayoweka tepu juu ya kabati lilelile la sava haina nakala, ina mapambo. Bungoma inatosha kwa moto na wezi. Kwa balaa la ukanda mzima ningetaka babu mwingine Mombasa, maana miji yetu hii miwili inaegemea mlima mmoja, Elgon.

Je, wajua kwamba mwaka 1964, IBM ilipotangaza meinfremu zake za System/360, watafiti wa Kitale walitoa mahindi ya H611? Mzazi mmoja alikuwa Kitale Synthetic II, wa hapahapa. Mwingine, Ecuador 573, alitoka Amerika Kusini. Mmoja akipotea, hakuna H611. Watu wa mbegu, basi, nao huweka nakala mbali. Hazina ya Svalbard, Norwe, ilipofunguliwa Februari 2008, Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa walioingiza kasha la kwanza. Humo ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwaka 2015 kituo cha utafiti kilichokuwa Aleppo kilichukua mbegu zake kutoka huko, kwa kuwa vita vya Siria vilikuwa vimekikatia benki yake ya mbegu.

Je, wajua kwamba kampuni ya Iron Mountain, inayohifadhi tepu za watu, ilianzia kwenye mgodi wa chuma ambamo mwenyewe alikuwa akikuza uyoga? Usikimbilie mapango ya Elgon. Wasabaot walijikinga humo pamoja na mifugo yao, na Joseph Thomson aliwakuta mwaka 1883, lakini unyevu wa pango la Kitum ungeimaliza tepu kabla tembo wanaoingia humo hawajamaliza kuguguna chumvi.

Je, wajua kwamba roda za tepu za zamani zilivaa pete ya plastiki mgongoni? Ukiivua, mashine inasoma tu, haiandiki. Vidole viwili vilitosha kuokoa mwezi mzima wa kazi.

Je, wajua kwamba Februari 2011 baadhi ya watu walifungua Gmail wakakuta patupu? Hitilafu ya programu ilikuwa imefuta hadi nakala zilizokuwa kwenye diski. Google ilizirudisha barua kutoka kwenye tepu.

La mwisho linawaponyoka wengi. Tepu iliyotunzwa vizuri huweza kuishi miaka 30, lakini mashine ya LTO-9 husoma LTO-8 na haiwezi kusoma LTO-7. Fundi akitaka kuuza mashine kuukuu kama chuma chakavu, aulizwe kwanza babu atasomwa na nani.