Lau si Jumbe, Zanzibar ingekuwaje?

Tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Abeid Karume alipigwa risasi Kisiwandui, makao makuu ya ASP. Alikuwa ametawala miaka minane bila uchaguzi hata mmoja. Nafasi yake akashika Aboud Jumbe, aliyekuwa mwalimu. Lau kiti kingekwenda kwa Kanali Seif Bakari, mwanajeshi mwenye nguvu katika Baraza la Mapinduzi, je, ASP ingekubali kuungana na TANU mwaka 1977? Katiba ya 1979 ingepatikana? Mimi naona mambo hayo yangechelewa sana. Ndugu zangu, pasipo na kanuni ya kurithishana madaraka, hatima ya umma huamuliwa na wachache waliojifungia ndani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.