Mstari Mwekundu wa Mwajiri



Mwaka jana tuliingia katika majadiliano ya mishahara kwenye shamba moja la chai, tukakuta karatasi kubwa imebandikwa ukutani. Nguzo zilionyesha bei ya unga. Juu yake ulipita mstari mwekundu wa mshahara, ukipanda kama njia ya mlimani. Kwa macho, mshahara ulikuwa umeiacha bei mbali. Sisi wa kamati tulitazamana. Siku ile hatukuwa na jibu.

Mwanachama mmoja anayejua kompyuta ndiye aliyetufumbua macho. Mchoro huo hutengenezwa katika programu ya majedwali, kama Excel. Unaandika miaka, bei na mshahara katika safu tatu, unazichagua zote, unaomba grafu, halafu unachagua aina ya mchanganyiko: bei iwe nguzo, mshahara uwe mstari. Excel huiita Combo, nasi twajua kombo kwa Kiswahili ni nini. Calc ya LibreOffice, isiyolipiwa, nayo hufanya kazi hiyo. Kisha kuna kisanduku cha kutia alama ili mstari upewe kipimo chake wenyewe upande wa kulia. Hapo ndipo tulipopigwa.

Tuseme pakiti ya unga imetoka shilingi 120 hadi 180, na mshahara 6,000 hadi 6,600. Kipimo cha kushoto kikianzia 0 na kuishia 400, nguzo zitakuwa fupi. Cha kulia kikianzia 5,900 na kuishia 6,700, mstari utatoka karibu na sakafu hadi karibu na dari. Hakuna tarakimu ya uongo hata moja. Lakini mshahara ulionunua pakiti 50 sasa haununui hata 37.

Kipimo cha pili chenyewe si kosa. Shilingi 180 zikiwekwa kando ya 6,600 katika kipimo kimoja, nguzo hazitaonekana. Wala kipimo kimoja si dawa ya kila kitu. Mwaka 1821 Mskoti William Playfair alichora bei ya ngano kwa nguzo na ujira wa fundi kwa mstari, kuanzia mwaka 1565, vyote kwa shilingi. Ngano ilihesabiwa kwa kipimo kikubwa cha magunia na ujira kwa wiki, basi mstari ukalala chini kabisa. Yeye alitaka kuonyesha kwamba ujira wa siku zake ulinunua ngano nyingi kuliko zamani, na mchoro wake ukamficha.

Basi tulifanya hivi: mwaka wa kwanza tuliuita 100 kwa vyote viwili. Kwa mfano wetu wa juu, unga unafika 150 na mshahara 110, katika kipimo kimoja. Tukaongeza nguzo za pakiti ambazo mshahara unanunua.

Kikao cha pili tuliomba kwanza jedwali lenyewe, kisha tukabandika yetu. Meneja akauliza nani ametufundisha kompyuta. Hatukumtaja. Kikao kiliahirishwa kwa wiki mbili, na tuliporudi mstari mwekundu haukuwapo ukutani.