Shamba la Karanga Lataka Kubadilishiwa Mazao

Ndugu msomaji, shamba lako la karanga lilikupa madebe mangapi mwaka huu? Na miaka mitano iliyopita je? Labda wewe nawe umeona mashina yakinyauka kabla ya wakati, na ukivunja maganda, mengi ni matupu. Wengine hulaumu mvua, wengine mbegu. Lakini mara nyingi kosa ni letu: tumepanda karanga juu ya karanga mwaka hata mwaka.

Utasema, “Lakini karanga hutia mbolea ardhini!” Ni kweli. Ng’oa shina moja utazame mizizi, utaona vinundu vidogo. Ndani yake hukaa vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani. Ila sisi hung’oa shina zima, tukalipeleka nyumbani, kisha majani tukayachoma. Basi mbolea imeondoka pamoja na mavuno. Tena ganda la karanga hujinyonyea chokaa lenyewe katika udongo linamokaa. Chokaa ikipungua, ganda halina kitu. Na ukungu unaotia majani madoa na kuozesha mashina hungoja katika udongo na mabaki. Kila mwaka twauletea chakula mlangoni.

Fanya hivi. Gawa shamba mafungu matatu: moja karanga, la pili mahindi, la tatu mtama au uwele. Mwaka ujao, palipokuwa na karanga panda mahindi, palipokuwa na mahindi panda mtama, palipokuwa na mtama panda karanga. Hivyo karanga zitarudi mahali pake mwaka wa nne, na maradhi yake mengi yatakuwa yamekufa njaa. Usiweke kunde wala njugu mawe badala ya mtama, maana hizo ni jamaa za karanga.

Ukisha kuchambua karanga, rudisha majani shambani uyafukie mtakapopandwa mahindi. Au walishe mbuzi, kisha upeleke samadi. Majivu ya jikoni nayo yana chokaa. Yatawanye kidogo kidogo kabla ya kupanda. Ng’oa maotea yote, kwa kuwa vidukari hukaa humo na kueneza ugonjwa wa kudumaza karanga. Kisha panda mapema, wala usiache nafasi kubwa mno.

Mama mmoja aweza kuuliza: “Nikipunguza karanga, ada ya watoto nitaitoa wapi?” Swali lake ni la haki. Mwaka wa kwanza magunia ya karanga yatapungua, ila ghalani mtakuwa na nafaka ambayo hutainunua. Kama waogopa, anza na kipande kidogo. Pima kwa debe, ukaandike, mwaka wa nne ulinganishe. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na udongo ni mali ya kwanza utakayowaachia watoto wako.