Funguo za Gitaa Zikiwa Ngumu

Wakati wa kiangazi, toka Shinyanga hadi Geita, vumbi huingia hata kwenye gitaa la kwaya. Funguo za kukazia nyuzi zikiwa ngumu, tusizilazimishe kwa koleo: meno yakikatika, uzi hautashika sauti tena.

Kwanza tulegeze uzi na kuutoa. Ufunguo ukizunguka vizuri, basi uzi ndio unaokwama kwenye kijifereji chake karibu na kichwa cha gitaa. Tupake humo unga mweusi wa penseli. Ukibaki mgumu, tulegeze kidogo skrubu ya gurudumu la meno, tusugue vumbi kwa mswaki mkavu, kisha tutie tone moja la mafuta ya cherehani. Tufute yanayozidi, kwani mafuta mengi hukamata vumbi jipya. Kazi hii tuifanye Jumamosi, si dakika tano kabla ya Misa.