Akiba ya Mafuta Huhesabiwa kwa Siku

Jumatano ya tarehe 2 Agosti 2023, bei kikomo ya petroli jijini Dar es Salaam ilipanda kutoka shilingi 2,736 hadi 3,199 kwa lita. Siku chache kabla ya tangazo hilo la EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, sheli kadhaa mikoani zilikuwa zimesitisha mauzo. Waendesha bodaboda walihangaika na vidumu huku serikali ikisisitiza kuwa nchi ina mafuta ya kutosha. Wengi waliamini lazima kuna anayedanganya. Mimi naona pande zote mbili zilisema kweli, na hapo ndipo penye tatizo.

Tuanzie ghalani, Kurasini au Kigamboni. Mpimaji hupanda ngazi hadi juu ya tenki, akateremsha mkanda wa chuma wenye timazi nchani, uliopakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji yaliyotuama chini. Kina anachokisoma hupelekwa kwenye jedwali la tenki lile, joto la mafuta likizingatiwa, ndipo zipatikane lita. Jumlisha maghala yote, utapata namba kubwa ya kutia moyo. Lakini lita peke yake hazisemi kitu mpaka uzigawe kwa matumizi ya siku. Tuseme kuna lita milioni 90 za dizeli na nchi inachoma milioni 6 kila siku: hizo ni siku 15. Msimu wa mavuno ukifika, malori yakaongezeka barabarani na matumizi yakafika milioni 7, mafuta yaleyale yanakuwa ya siku zisizotimia 13, bila tone moja kuvuja.

Hata hizo siku si zetu zote. Mafuta yaliyo chini ya mdomo wa bomba la kutolea hayavutiki, hivyo huhesabiwa lakini hayauzwi. Halafu kuna mafuta ya jirani. Katika miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya shehena inayoshushwa nchini ni ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi na wengineo. Ya kuuzwa ndani huwekewa vinasaba ili yatambulike, ya safari hayawekewi. Kiongozi anaposema maghala yamejaa, swali la kwanza liwe: yamejaa mafuta ya nani?

Tukitoka ghalani twende kituoni, maana uhaba wa Julai 2023 ulijificha zaidi huko. Bei kikomo hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na hukokotolewa kwa bei za soko la dunia ambazo tayari zimepita. Mfanyabiashara anayefuatilia soko anaweza kukisia mapema bei itaelekea wapi. Mwenye lita 20,000 kwenye tenki lake la ardhini mwishoni mwa Julai, akifunga pampu hadi asubuhi ya bei mpya, anavuna shilingi 9,260,000 za ziada bila kufanya kazi yoyote. Bei ikielekea kushuka, anafanya kinyume: anachelewa kuagiza asije akakwama na mzigo wa bei ya juu. Kwa vyovyote vile, siku za mwisho wa mwezi ndizo mafuta hukauka barabarani ilhali ghalani yapo. EWURA iliwafungia baadhi ya wenye vituo waliobainika kuhodhi, na ilistahili kufanya hivyo. Ila adhabu inamfikia aliyekamatwa tu. Kishawishi kinabaki palepale hadi mwezi ujao, kwa sababu kimo ndani ya utaratibu wenyewe. Kutangaza bei kila baada ya wiki mbili kungepunguza ukubwa wa kila mruko, na pamoja nao faida ya kufunga pampu.

Mwaka huo kulikuwa na uhaba mwingine pia, wa dola. Chini ya mfumo wa uagizaji wa pamoja, unaosimamiwa na wakala wa serikali, PBPA, shehena hupangwa mapema kwa zabuni, na kampuni hulipa kwa dola. Benki zilipokosa dola za kutosha, kampuni zilitatizika kulipia mzigo. Kenya, iliyobanwa na tatizo hilohilo, iliingia mkataba mwaka 2023 na kampuni za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu ili mafuta yalipiwe baada ya siku 180. Hiyo haikuongeza dola hata moja, iliahirisha tu siku ya kuzitafuta.

Ndiyo maana nautazama kwa furaha na tahadhari mradi wa Mamlaka ya Bandari wa matenki 15 Kigamboni, yenye ujazo wa mita za ujazo 378,000, yaani lita milioni 378. Meli zikishusha haraka, gharama za kuzisubirisha baharini zinapungua, na gharama hizo humfikia mlaji ndani ya bei ya lita. Lakini tenki halijijazi. Kabla hatujaliita akiba ya taifa, tuelezwe ni lita ngapi zitakaa humo bila kuguswa, nani ametoa fedha za kuzinunua, na nani ana mamlaka ya kuamuru zifunguliwe. Marekani huchapisha kiasi cha mafuta yake yaliyohifadhiwa kila wiki, kwa kawaida Jumatano. Jumatano yetu ya bei ingeweza kubeba pia mstari mmoja kwa petroli na mmoja kwa dizeli: siku zilizobaki, mafuta ya jirani yakiwa yameshatolewa.