Kamera za Ulinzi Nyumbani: Kuzielewa, Kuchagua Inayofaa na Kuchunga Stara



Shukrani zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala), na Rahmah na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake. Amma ba'ad.

Tangu ulipozinduliwa Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma, mwezi wa Aprili 2019, familia nyingi za Unguja na Pemba zimekuwa na mguu mmoja visiwani na mmoja bara. Baba kahamishiwa wizara ya Muungano, kiwanja kimepatikana, nyumba imesimama. Lakini mitaa yenyewe bado ni mipya. Viwanja ni vipana, kuta nyingine hazijamalizika, na jirani hayuko ukuta kwa ukuta kama tulivyozoea Ng'ambo au Chake Chake. Ikifika Ramadhaan familia inarudi kufunga na kuswali Idi pamoja na wazee, na nyumba ya Mtumba inabaki na kufuli.

Ndipo linapokuja swali: tufunge kamera gani? Na nyuma ya swali hilo kuna jingine ambalo huletwa zaidi na kina mama: mume anataka kufunga kamera mpaka ukumbini, ili awaone watoto akiwa kazini au safarini. Je, inafaa? Tumeona tuyajibu yote mawili pamoja, kwani anayechagua kamera anachagua pia nini kitaonekana na nani atakiona.

Asili ya jambo

Kulinda mali na nafsi ni katika kuchukua sababu. Katika Hadiyth iliyopokewa na At-Tirmidhiy, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Allaah. Kamera getini ni kamba ya ngamia wa leo.

Lakini jicho nalo lina mipaka. Suratun-Nuur aayah ya 27 imetukataza kuingia nyumba za watu bila ya kuomba idhini na kutoa salamu, na Suratul-Hujuraat aayah ya 12 imekataza kupelelezana. Al-Bukhaariy na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyechungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam). Mtume alimkemea kwa ukali, akabainisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya macho. Lenzi ni tundu la namna hiyo hiyo, na tofauti yake ni kwamba hailali na haisahau.

Anza na swali: unataka kujua nini?

Wengi wetu tunaingia dukani tukiuliza megapikseli. Muuzaji naye anatuonesha kasha lenye namba kubwa zaidi, tunalipa, na siku ya tukio tunaona kivuli cha mtu asiye na uso.

Kamera inaweza kufanya kazi tatu tofauti: kukuambia kuwa kuna mtu, kukuonesha kuwa ni mtu unayemjua, au kukupa uso wa mtu usiyemjua kwa uwazi wa kuweza kuupeleka polisi. Viwango vya kimataifa vya kamera za ulinzi huzipima kazi hizi kwa idadi ya pikseli, yaani vitone vya picha, katika kila mita moja ya upana wa eneo linaloonekana. Kugundua kuwa kuna mtu kunahitaji takriban 25. Kumtambua unayemjua kunahitaji 125. Kumbainisha usiyemjua kunahitaji 250.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye geti lililo mita 12 kutoka kwenye kona ya nyumba ambako kamera itafungwa. Kamera ya megapikseli 8, ambayo picha yake ina pikseli 3,840 kwa upana, ikiwa na lenzi pana ya nyuzi 100 itaona eneo la takriban mita 28.6 pale getini. Gawa, utapata kama pikseli 134 kwa mita. Sasa chukua kamera ya megapikseli 2 tu, yenye pikseli 1,920, lakini lenzi yake ni nyembamba ya nyuzi 50. Itaona takriban mita 11, na utapata kama pikseli 171 kwa mita. Ile yenye namba ndogo kwenye kasha imekupa sura bora zaidi ya mtu wa getini.

Kwenye kasha, lenzi huandikwa kwa milimita. 2.8 ni pana, 4 ni ya wastani na 6 ni nyembamba. Lenzi pana inafaa uwanja na baraza, na nyembamba inafaa geti na njia. Na ukitaka uso hasa, sogeza kamera karibu. Ifungwe mita tatu au nne kutoka mlangoni, kwa urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu. Ukiipandisha hadi kwenye paa itarekodi kofia za watu.

Usiku, vumbi na chumvi

Kamera nyingi huona gizani kwa taa za infraredi, mwanga ambao jicho la mwanadamu halioni, na picha yake hutoka nyeusi na nyeupe. Kasha likiandika mita 30, maana yake ni umbali ambao mwanga huo unafika. Usitarajie kuuona uso kwa umbali huo. Nyingine huwasha taa nyeupe na kutoa picha ya rangi. Hizi zinasaidia kujua rangi ya nguo au ya gari, na taa yenyewe humstua mwizi, lakini zinaweza kumsumbua jirani ikiwa zinaelekea dirishani kwake.

Dodoma ni kukavu. Mvua huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Disemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni upepo na vumbi. Vumbi likikaa juu ya kioo cha kamera, ule mwanga wa infraredi hurudi na kuifanya picha yote iwe ukungu. Utando wa buibui hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo tafuta alama ya IP66 au IP67. Tarakimu ya kwanza, 6, ina maana vumbi halipenyi ndani. Ya pili inahusu maji: 6 inastahamili maji yanayorushwa kwa nguvu, na 7 inastahamili kuzamishwa hadi mita moja kwa nusu saa. Hata hivyo alama hiyo haikisafishi kioo. Mtu apite na kitambaa laini kila baada ya wiki chache.

Kwa nyumba za visiwani adui ni chumvi ya bahari. Kamera inaweza kuwa nzima na skrubu zake zikaoza. Uliza kibanio na skrubu za chuma kisichoshika kutu, na viungio vya nyaya viwekwe ndani ya kisanduku kilichozibwa.

Umeme, mtandao na hifadhi

Kamera ya kebo ndiyo imara zaidi. Kuna aina ambayo kebo moja ya mtandao hubeba picha na umeme pamoja, hadi mita 100. Kamera ya waifai ni rahisi kufunga, lakini kuta za zege hulipunguza nguvu wimbi lake, kwa hiyo pima kwanza kwa simu yako pale pale unapotaka kuifunga. Kamera ya sola yenye laini ya simu inafaa kiwanja ambacho hakijafika umeme. Kasoro yake ni kuwa nyingi hulala ili kuhifadhi betri, huamka zinapohisi mtu, na sekunde za mwanzo zinaweza kupotea.

Umeme ukikatika, kamera, mashine ya kurekodia na kifaa cha intaneti vyote hulala pamoja, isipokuwa ukiwa na betri ya akiba. Wezi wanalijua hilo.

Kuhusu hifadhi, hesabu ni nyepesi. Kamera ya megapikseli 2 inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni kama gigabaiti 86. Diski ya terabaiti 1 itadumu siku 11 hivi, kisha picha za zamani zitafutwa kupisha mpya. Familia inayoondoka kwa mwezi mzima inahitaji diski ya terabaiti 3 au zaidi, ama kurekodi pale tu panapokuwa na mtu. Chagua kamera inayoweza kutofautisha mtu na mbuzi au mti unaotikiswa na upepo, la sivyo simu yako italia usiku kucha, na mwishowe utaizima. Na mashine ya kurekodia ifichwe ndani ya chumba chenye kufuli, kwani mwizi akiibeba amebeba na ushahidi.

Ukiwa Unguja na unataka kuitazama nyumba ya Mtumba moja kwa moja, kwa kiwango hicho hicho saa moja hula takriban megabaiti 900 za bando. Tazama inapobidi tu.

Nani mwingine anatazama?

Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia kwa maelfu duniani, kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Na Januari 2021 fundi mmoja wa kampuni ya ulinzi huko Texas, Marekani, alikiri mahakamani kwamba alikuwa akiongeza anwani yake ya barua pepe kwenye akaunti za wateja wakati wa kuwafungia kamera. Kwa njia hiyo aliingia kwenye akaunti za wateja wapatao 200, zaidi ya mara 9,600, akiwatazama wanawake ndani ya nyumba zao.

Tuzingatie, ndugu zetu: hakuvunja mlango wala dirisha. Alikaribishwa, akapewa chai pengine, akaondoka na ufunguo.

Basi fundi akimaliza kazi, fanyeni haya akiwa bado yupo: badilisheni neno la siri la mashine na la kila kamera, fungueni orodha ya watumiaji na mfute msiyemjua, na akaunti iwe kwa barua pepe na namba ya simu ya mwenye nyumba. Washeni uthibitisho wa hatua mbili kama upo. Simu ikiuzwa au ikipotea, badilisheni tena.

Ndani ya nyumba na kwa jirani

Turudi kwa mama aliyekataa kamera ya ukumbini. Tunaona ana hoja nzito. Ukumbi wa nyumba yetu ndipo mwanamke anapokaa bila ya mtandio, watoto wa kike wanaposukana, na wageni wa kike wanapovua baibui wakiamini hakuna mwanamume. Suratun-Nuur aayah ya 58 imewataka hata watoto na watumishi wa nyumbani waombe idhini katika nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri mtu anapopunguza nguo, na baada ya 'Ishaa. Ikiwa mtoto wa nyumba anabisha hodi, itakuwaje jicho linalopeleka picha kwenye mtandao lisibishe?

Kwa hiyo ushauri wetu ni kuwa kamera zibaki nje: getini, mlangoni, uwanjani na penye gari. Chumba cha kulala, choo na bafu havina mjadala. Familia ikisafiri na ikihitajika kamera ya ndani, iwe ya kuwekwa siku ya kuondoka na kuchomolewa siku ya kurudi, na wote wa nyumbani wajue. Mfanyakazi wa nyumbani naye ni mtu mwenye heshima, aambiwe zilipo. Kurekodi sauti kuzimwe, kwani mazungumzo ya watu ni amana.

Mume mwenye hofu ya watoto wake hofu yake ni ya kweli, na tunaiheshimu. Mlango unaoonekana ukifunguliwa na kufungwa, pamoja na simu ya mara kwa mara kwa mkewe, vitamtuliza bila ya kumgeuza mkewe kuwa mtu anayechungwa.

Kwa jirani, simama mbele ya picha kabla fundi hajakaza skrubu. Likionekana dirisha lake au ua wake, geuza kamera. Isipowezekana, kamera nyingi zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa rangi nyeusi. Kisha mwite jirani aone mwenyewe. Heshima ya faragha imo pia katika ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Haki ya jirani katika Dini yetu imetangulia hayo yote.

Tunahitimisha kwa kusema: kabla ya kwenda dukani, kaeni mke na mume, chukueni karatasi, chorani nyumba, na wekeni alama pale mnapotaka kujua nani amekuja. Kisha wekeni alama nyingine pale ambapo hapana jicho linaloruhusiwa kufika. Mkimpa fundi karatasi hiyo, mtakuwa mmeshachagua zaidi ya nusu ya kamera yenu.

Allaah Atuhifadhie nyumba zetu, Azisitiri aibu zetu na Awalinde walio safarini baina ya bara na visiwa. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.