Nani Anayapima Maji Yetu?

Maji ya mto Pangani hufika Korogwe yakiwa yamekwisha safiri mwendo mrefu kutoka Kilimanjaro na Meru. Njiani huchukua udongo wa mashamba ya watu, na katika nchi ya mkonge hupokea pia maji machafu ya korona. Maji hayo ndiyo ambayo tangu miaka ya 1970 huvutwa wilayani Korogwe, yakasafishwa, yakasukumwa kwa bomba kuu la HTM hadi Handeni, ambako wananchi waijua kiu kuliko wengi wetu. Tena, Juni 2022, mikataba ya maji ya miji 28 kwa mkopo wa India ilitiwa sahihi Chamwino. Handeni na Korogwe zimo. Twaufurahia mradi huo, lakini twauliza: atakayeyapima maji hayo amefundishwa na nani?

Wengi hudhani kupima maji ni kutia dawa na kutazama rangi. Laiti ingekuwa hivyo! Chukua maji ya bomba yaliyotiwa klorini, uyakinge katika chupa ili kutafuta vijidudu vya kinyesi. Klorini ile huendelea kuua ndani ya chupa njia nzima mpaka maabara. Mpimaji aliyefundishwa hutumia chupa iliyosafishwa kwa mvuke, yenye thiosalfeti kidogo ya kuizima klorini. Asiyefundishwa huokota chupa yoyote. Jibu huja "safi", na kumbe mtoto alikwisha kunywa vijidudu saa ile bomba lilipofunguliwa. Mtu huyo hakusema uongo. Hakujua.

Kisha chupa yataka barafu, kivuli na haraka, ikiwezekana ifike kabla ya saa sita kupita. Kutoka Handeni hadi mjini Tanga, iliko maabara ya mkoa, ni zaidi ya kilometa 100. Ndiyo maana wilaya zahitaji wapimaji wao wenyewe, wala si madereva wa kubeba chupa tu. Na huko maabara, sanduku la joto lazima likae nyuzi 44 usiku kucha. Likipanda au kushuka, hesabu imeharibika, na sharti ni kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa pasiwepo hata kijidudu kimoja cha kinyesi.

Iko njia ya kumpima mpimaji mwenyewe. Pamoja na chupa za wananchi hupimwa chupa moja ya maji yaliyokwisha uliwa vijidudu vyote. Ikionyesha vijidudu, uchafu umetoka mikononi mwake au katika vyombo vyake, na majibu ya siku ile hayafai. Mtu mwaminifu huyatupa, akaanza upya. Jambo hili hulipati katika cheti peke yake, ingawa cheti twakitaka: Chuo cha Maji cha Ubungo hufundisha kazi ya maabara ya maji mpaka stashahada. Na kiwango cha kimataifa namba 17025 hudai zaidi, kwamba uwezo wa kila mfanyakazi uthibitishwe kabla hajaachiwa kazi, na mafunzo yake yawekewe kumbukumbu.

Wako ndugu waliojifunza kazi kwa kuwatazama wenzao. Hao wasifukuzwe, bali wapelekwe shule. Miaka yao kazini ni mali ya umma.

Mwaka 1971 nchi yetu ilijiwekea lengo la kila mwananchi kupata maji karibu na nyumba yake ifikapo 1991. Lengo halikutimia, na tangu hapo tumezoea kuhesabu mabomba na visima. Wapimaji hatuwahesabu, maana hawazinduliwi kwa ngoma wala kukatiwa utepe.

Basi, wanachama wa Handeni na Korogwe, bajeti ya maji itakapoletwa mbele ya madiwani wenu, waulizeni: fungu la mafunzo ya mpimaji ni shilingi ngapi, na mara ya mwisho alikaa darasani mwaka gani?